Korodani ya mtoto ikijisokota: mwongozo wa upasuaji katika hospitali ya wilaya

Korodani ikijizungusha kwenye kamba yake, yaani fungu la mishipa ya damu na mrija wa mbegu linaloining'iniza, vena hubanwa kwanza, ateri baadaye. Damu inaingia bila kutoka, korodani inavimba, na mwishowe hata ya kuingia haiingii. Ikifunguliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, huokoka zaidi ya 9 kati ya 10. Kwenye saa 12 ni kama nusu. Zikipita saa 24, inayopona ni ya kubahatisha. Mizunguko nayo ina neno: iliyojisokota digrii 180 hustahimili muda mrefu kuliko iliyofika 720.

Operesheni yenyewe si kubwa. Anayepasua ngiri na busha anayo mikono inayotakiwa na vifaa karibu vyote. Kinachoua korodani ni saa zilizopotelea duka la dawa, mapokezi, kwenye foleni ya ultrasaundi na ndani ya gari la rufaa. Ndiyo maana mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya daktari, daktari msaidizi, tabibu na wauguzi wa hospitali ya wilaya, unaanzia mlangoni kabla ya kufika thieta.

Nani hupatwa

Kuna makundi mawili. La kwanza ni wavulana wanaobalehe, hasa miaka 12 hadi 18. Kwa kawaida utando unaoizunguka korodani, tunika vajinalisi, huacha sehemu ya nyuma ikiwa imeshikamana na ukuta wa mfuko. Kwa wavulana hawa utando umepanda hadi kwenye kamba, kwa hiyo korodani inaning'inia ndani yake bila kizuizi, nayo hulala kingamo. Wanazaliwa hivyo, na mara nyingi pande zote mbili ziko hivyo hivyo; kumbuka hilo tukifika kwenye korodani ya pili. Kundi la pili ni vichanga, ambao kwao kamba nzima hujisokota pamoja na utando wake. Hao wana sehemu yao huko chini.

Mapokezi

Kila mvulana anayelalamika tumbo la chini au kinena avuliwe nguo na kukaguliwa. Mvulana wa miaka 13 hamwambii mama yake kwamba korodani inauma, atasema tumbo. Anapewa dawa ya minyoo, au anaambiwa ni ngiri, ni mshipa, au ni "yutiai" (UTI, maambukizi ya njia ya mkojo), na duka la dawa linampa siprofloksasini na sindano ya daiklofenaki. Sindano hiyo inatuliza maumivu kwa saa chache na kila mtu anaridhika. Korodani inayokufa nayo huacha kuuma yenyewe baadaye, kwa hiyo maumivu kupungua si dalili ya kupona mpaka uikague.

Uliza saa maumivu yalipoanza na uiandike kwenye faili kwa mtindo wa saa 24. Mtoto akisema "saa tatu", muuguzi anaandika 3, zamu inayofuata inasoma saa tisa, na hesabu yote imepotoka kwa saa sita, yaani dirisha zima la kuokoa. Andika 21:00 au 09:00, ubishi uishe.

Kisha mkague akiwa amesimama, halafu amelala. Tafuta haya:

- Maumivu yaliyoanza ghafla, mara nyingi usiku na kumwamsha, pamoja na kutapika.
- Korodani iliyopanda juu kuliko mwenzake na kulala kingamo.
- Korodani ngumu, iliyovimba, isiyotaka kuguswa.
- Refleksi ya kremasta imepotea: ukimkuna paja kwa ndani, korodani ya upande huo haipandi. Anza na upande mzima ili ujue refleksi yake ikoje. Kwa watoto wadogo wa chini ya miaka miwili na nusu hivi, refleksi hii hata kwa mzima inaweza isiwepo, usiitegemee.

Alama za TWIST, kipimo cha kukadiria uwezekano wa msokoto, husaidia kupanga mawazo: uvimbe 2, ugumu 2, refleksi kupotea 1, kichefuchefu au kutapika 1, korodani kupanda juu 1. Jumla ni 7. Ukipata 5 au zaidi, mpeleke thieta. Ukipata 0 hadi 2, uwezekano ni mdogo, tafuta sababu nyingine. Kati ya hapo ndipo ultrasaundi ya dopla, inayoonyesha damu ikipita, ina kazi, iwapo mashine ipo, mpimaji yupo, na jibu litatoka ndani ya nusu saa. Kama mpimaji anakuja kesho asubuhi, huna ultrasaundi. Na hata ikiwepo, damu kuonekana haimaanishi kwamba haijajisokota: msokoto wa nusu huruhusu ateri kupita.

Vinavyofanana nayo ni vichache. Kijinyama kidogo kwenye ncha ya juu ya korodani, hidatidi, nacho hujisokota, hasa kwa watoto wa miaka 7 hadi 12. Maumivu yako sehemu moja ya juu, refleksi ipo, na kwa mtoto mweupe wa ngozi unaweza kuona doa la bluu. Kwa watoto wetu doa hilo halionekani kirahisi, lisikucheleweshe. Ngiri iliyokwama ina uvimbe unaopanda hadi kwenye kinena. Matumbwitumbwi huvimbisha korodani siku kadhaa baada ya mashavu. Maambukizi ya epididimisi, mrija wa mbegu uliojikunja nyuma ya korodani, kwa mtoto asiyeanza kujamiiana na asiye na kasoro ya njia ya mkojo ni nadra. Ukiona umeandika utambuzi huo kwa mvulana wa miaka 14 mwenye maumivu ya saa nne, rudi kitandani umkague upya.

Ukibaki na shaka, pasua. Mfuko uliofunguliwa ukakuta hidatidi tu unapona ndani ya wiki moja.

Rufaa au hapa hapa

Piga hesabu kutoka maumivu yalipoanza hadi mgonjwa atakapolala kwenye meza ya upasuaji kule anakokwenda, si hadi gari litakapoondoka. Jumlisha kutafuta dereva, mafuta, mapokezi ya huko na foleni ya thieta yao. Ukiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, ratiba ya meli ya Mwanza haikujali. Kama una mtu wa usingizi na thieta inayofanya kazi, mpasue ulipo. Kama huna, mpigie daktari wa zamu wa hospitali ya rufaa kabla gari halijaondoka, mweleze saa yalipoanza, na ujaribu kufungua msokoto kwa mkono kabla mtoto hajapanda garini.

Kufungua msokoto kwa mkono

Hii ni kununua muda, si tiba. Mpe mofini 0.1 mg/kg kwenye mshipa, polepole, ukiangalia upumuaji wake. Simama miguuni pake. Korodani nyingi hujisokota kuelekea ndani, kwa hiyo unazizungusha kuelekea nje, kama unavyofungua kurasa za kitabu: ya kulia kwake kinyume cha saa, ya kushoto kwa mwelekeo wa saa. Shika korodani kwa kidole gumba na cha shahada, inua kidogo, zungusha digrii 180, subiri, endelea. Mara nyingi mzunguko mmoja hautoshi.

Ikifunguka utajua: mtoto anashusha pumzi, korodani inashuka na kulala wima. Maumivu yakizidi au ikikataa kuzunguka, izungushe kinyume chake, maana karibu theluthi moja hujisokota kwenda nje. Usilazimishe zaidi ya dakika chache. Hata ikifanikiwa kabisa bado anakwenda thieta leo hii, kwa sababu msokoto uliobaki nusu ni jambo la kawaida na korodani ambayo haijashonwa itajisokota tena.

Ridhaa

Mzazi aambiwe mambo matatu kwa lugha nyepesi, na mvulana asikie: tutaifungua na kuishona isijirudie, tukikuta imekufa tutaitoa, na ile nzima tutaishona pia. La tatu ndilo linalowashtua. "Baba, hiyo nyingine haiumwi, lakini imeumbwa vivyo hivyo. Hii ikipotea, ile ndiyo atakayoitegemea." Wengi huelewa hapo hapo. Swali linalofuata ni la kuzaa, hata kama hakuna anayethubutu kulitamka mbele ya mtoto. Lijibu bila kuulizwa: korodani moja nzima inatosha kwa homoni, na wengi wenye moja huzaa.

Mwanafunzi wa bweni akiletwa na mwalimu usiku, mpigie mzazi simu na shahidi asikilize, na ufuate utaratibu wa hospitali yako wa dharura. Usisubiri mzazi asafiri.

Usingizi

Mtoto huyu ana tumbo lililojaa, hata kama alikula jana, kwa sababu maumivu husimamisha tumbo. Usihesabu saa sita za kufunga. Mtu wa usingizi ajiandae kwa hivyo: mashine ya kunyonya ikiwa imewashwa, meza inayoweza kuinama kichwa chini, na mpira wa hewa wenye ukubwa unaofaa mkononi. Njia salama zaidi ni usingizi wa haraka na kuweka mpira. Ketamini 1 hadi 2 mg/kg kwenye mshipa inatumika sana wilayani. Tahadhari ni ile ile, kwani ketamini haimkingi kikamilifu aliyetapika. Kwa kijana mkubwa anayeelewa, ganzi ya uti wa mgongo inafaa.

Aliyetapika sana apewe Ringa lakteti 10 ml/kg. Mtoto mwenye selimundu asikaushwe maji wala kuachwa apate baridi. Antibayotiki ni dozi moja kabla ya kisu, sefazolini 30 mg/kg au seftriaksoni 50 mg/kg. Hakuna haja ya siku tano za vidonge baadaye.

Vifaa

Seti ya ngiri inatosha. Hakikisha humo mna mpini wa kisu na nyembe namba 15 na 11, fosepsi ndogo zilizopinda sita, pinseti ya meno na isiyo na meno, mkasi mwembamba wa tishu, kishika sindano kidogo, na vishikio viwili vidogo vya ngozi. Nyuzi: polipropilini (isiyoyeyuka) 4-0 au 5-0 yenye sindano ya mviringo, hiyo ndiyo ya kushonea korodani, Vicryl (inayoyeyuka) 4-0 mbili, Vicryl 2-0 moja ikibidi kuitoa, 5-0 inayoyeyuka kwa ngozi. Weka nomo salaini 500 ml ya uvuguvugu. Mimina kidogo kwenye mkono wako kwa ndani kabla hujanawa: ikikuchoma wewe itaiunguza korodani.

Kuhusu diatemi, mashine ya umeme ya kuzuia damu: tumia ya ncha mbili. Ya ncha moja usiiguse korodani wala kamba ikiwa umeitoa nje ya mfuko. Umeme wote unalazimika kurudi mwilini kupitia kamba nyembamba, na unaweza kugandisha ateri uliyokuja kuiokoa. Kama huna ya ncha mbili, funga mishipa kwa uzi.

Upasuaji

1. Mlaze chali, miguu imeachana kidogo. Akishalala usingizi mkague tena, kwa sababu sasa halalamiki: je, kuna ngiri, kuna uvimbe wa ajabu? Osha kwa povidoni kutoka kitovuni hadi katikati ya mapaja, vinena vyote viwili vikiwemo, ikitokea unahitaji kupandisha mkato.

2. Shika korodani kwa mkono wa kushoto na uisukume mbele mpaka ngozi ikaze. Kata kwenye mstari wa katikati ya mfuko, sentimita 3 hadi 4. Mkato huu mmoja unafikia pande zote mbili na kovu lake hupotea kwenye mstari. Wapo wanaopenda mikato miwili ya kingamo, hakuna ubaya.

3. Endelea kukata kupitia dartosi, tabaka jembamba la msuli chini ya ngozi, na matabaka yaliyo chini yake, ukielekea upande unaouma. Dartosi ndiyo inayovuja. Kila kinachotoa damu hapa kifungwe sasa hivi. Ukikiacha utakutana nacho usiku wa manane kama bonge la damu.

4. Utaona tunika ya rangi ya bluu au nyeusi, imejaa. Ishike kwa fosepsi mbili, ifungue kati yake, nyonya maji. Yakiwa na rangi ya damu, umekuja mahali penyewe. Yakiwa usaha, fikiria upya utambuzi wako.

5. Toa korodani nje, na kabla hujaizungusha, itazame. Hesabu mizunguko, tambua mwelekeo, angalia rangi. Haya yote yanaandikwa kwenye ripoti, na ukishaizungusha ushahidi umepotea.

6. Ifungue mpaka kamba inyooke kabisa. Hakikisha epididimisi iko nyuma, pembeni. Fuata kamba kwa kidole kuelekea juu kwenye kinena; kuna msokoto mwingine wa juu unaoweza kujificha huko, hasa kwa mtoto mdogo. Mwambie muuguzi aandike saa.

7. Ifunge kwa shashi iliyolowa salaini ya uvuguvugu na uiache. Dakika 10 kamili, kwa saa ya ukutani. Kuifunua kila dakika moja kuichungulia kunaipoza tu.

8. Dakika hizo 10 zitumie kwa korodani ya pili. Sukuma ukuta wa katikati, fungua tunika yake kupitia mkato ule ule, itoe, ishone kama inavyoelezwa hapa chini, irudishe.

Kushona korodani isijirudie

Uzi uwe usioyeyuka. Msokoto umeshajirudia kwa watoto walioshonwa kwa uzi unaoyeyuka: uzi uliisha, mshikamano haukuwa umeshika.

Weka pointi tatu: upande wa ndani kwenye ukuta wa katikati, upande wa nje, na ncha ya chini, kila moja ikiunganisha ganda jeupe la korodani na ukuta wa mfuko. Kila mshono uingie kwenye ganda milimita 2 hadi 3 kwa upana na usizame. Ukiiona sindano kwa uwazi chini ya ganda, kina kinatosha. Tafuta mahali pasipo na mishipa inayoonekana. Ncha ya chini ina mishipa mingi chini ya ganda, kwa hiyo hapo uwe wa juujuu kabisa. Usipitishe sindano kwenye epididimisi hata kidogo. Yote ni mrija mmoja mrefu uliojikunja. Ukiutoboa mahali pamoja umeuziba wote.

Funga mafundo bila kukaza mpaka ganda libonyee, yazamishe ndani, na uyakate mafupi. Polipropilini ni ngumu. Mvulana mwembamba atalihisi fundo lililoachwa chini ya ngozi kila anapokaa, na utamwona kliniki kila mwezi.

Njia nyingine, isiyotoboa ganda, ni kutengeneza mfuko kati ya ngozi na dartosi kwa kidole au mkasi butu, kuitumbukiza korodani humo, na kubana mlango wa dartosi kuzunguka kamba kwa Vicryl 4-0 bila kuinyonga. Aliyezoea busha anaweza kwanza kuikunja tunika nyuma ya kamba na kuishona, kama afanyavyo siku zote; korodani isiyo na utando kuizunguka hushikamana na ukuta wenyewe. Kukunja tunika peke yake, bila mshono wala mfuko wa dartosi, hatukushauri.

Kuamua: inabaki au inatoka?

Dakika 10 zimekwisha, funua shashi. Ikiwa imerudi rangi ya waridi, ishone pointi tatu na umemaliza. Ikiwa bado ya zambarau au nyeusi, toboa ganda kwa wembe namba 11, milimita 5, upande wa mbele, na uangalie saa. Damu nyekundu ikitoka mara moja, inabaki. Ikianza kutoka ndani ya dakika 10, inabaki, ingawa huenda ikasinyaa baadaye. Isipotoka kabisa kwa dakika 10, imekufa. Damu nyeusi nzito inayochuruzika mara moja na kukoma ni ile iliyokuwa imekwama ndani. Isikudanganye, ifute na usubiri mpya.

Kuna hali ya katikati: msokoto umefunguka, mishipa ya kamba inadunda, lakini korodani imevimba ndani ya ganda lake gumu mpaka inajinyima damu. Hapo kulipasua ganda kwa urefu sentimita 2 upande wa mbele hupunguza shinikizo, na rangi inaweza kubadilika mbele ya macho yako. Ikibadilika, usilifunge ganda kwa nguvu. Ziba pengo kwa kipande cha tunika vajinalisi kilichobaki na mshipa wake, kwa uzi wa 5-0 unaoyeyuka.

Kabla ya kuitoa, mwite mwenzako aitazame, hata kama ni daktari mdogo kuliko wewe, na majina ya wote wawili yaingie kwenye ripoti. Korodani nyeusi isiyotoa damu ukiiacha, mtoto anarudi na homa na usaha kwa wiki nzima. Hoja kwamba iliyokufa huuchochea mwili kuishambulia ile nzima imejadiliwa sana. Ushahidi wake si mzito, na sababu ya usaha peke yake inatosha kuitoa. Lakini yenye shaka na inayotoa damu, iache.

Kuitoa

Itenge kamba mpaka juu kidogo ya mahali ilipojisokota, kwenye tishu nzuri. Igawe mafungu mawili, mrija wa mbegu peke yake na mishipa ya damu peke yake, na kila fungu libanwe kwa fosepsi mbili. Kata kati yake. Fungu la mishipa lifungwe mara mbili kwa Vicryl 2-0: la juu fundo la kawaida, la chini lililopita katikati ya tishu kwa sindano. Shika mkia wa uzi kwa fosepsi, legeza kibanio, tazama kwa nusu dakika, ndipo ukate mkia. Kisiki kikiponyoka kikivuja hurudi juu kwenye mfereji wa kinena, na damu inajikusanya mahali usipoiona mpaka mtoto apauke.

Korodani bandia haiwekwi leo. Kama kijana ataitaka, ni baada ya miezi sita au zaidi, vizuri zaidi akishamaliza kubalehe.

Kufunga

Hakikisha hakuna kinachovuja. Kagua dartosi mzunguko mzima. Chomea ganzi ya bupivakaini 0.25% isiyo na adrenalini, 0.5 ml/kg, kwenye kingo za kidonda na kuzunguka kamba. Kikomo ni 0.8 ml/kg, na vuta bomba kwanza kila unapochoma. Dartosi ishonwe kwa Vicryl 4-0 mfululizo, ngozi kwa 5-0 inayoyeyuka, mishono ya moja moja. Nyuzi za kutolewa kwenye mfuko wa mtoto ni ugomvi usio na sababu. Mrija wa kutolea majimaji kwa kawaida hauhitajiki. Weka shashi nyingi zilizokunjwakunjwa, na chupi ya kubana juu yake.

Wodini na nyumbani

Paresitamo 15 mg/kg kila saa 6 na ibuprofeni 10 mg/kg kila saa 8 kwa siku tatu; mwenye figo mbovu au aliyekauka maji asipewe ibuprofeni. Mkague saa 4 hadi 6 baada ya upasuaji. Uvimbe kiasi ni kawaida. Mfuko unaokua, unaong'aa na kuuma zaidi ni bonge la damu: likiwa kubwa, rudi thieta ulitoe. Wengi hutoka siku hiyo au kesho yake.

Kuoga kwa maji ya kumwagia kunaruhusiwa baada ya siku mbili, kuogelea na bafu la kukaa hapana mpaka kidonda kifunge. Shule baada ya wiki moja. Mpira, baiskeli na kubeba ndoo, wiki nne. Arudi baada ya wiki mbili kuangaliwa kidonda, kisha miezi 3 na 12 kulinganisha ukubwa wa korodani mbili. Iliyokaa saa nyingi bila damu inaweza kusinyaa polepole ingawa thieta ilionekana nzuri, na mzazi aambiwe hivyo mapema. Aliyebaki na moja avae kinga ya kinena kwenye michezo ya kugongana. Na maumivu ya ghafla yakirudi, hata kwa aliyeshonwa, anakuja siku hiyo hiyo. Kushona kunapunguza hatari sana, hakuifuti.

Kichanga

Mtoto akizaliwa na korodani ngumu, isiyouma, ngozi ya mfuko ikiwa imebadilika rangi, msokoto ulitokea tumboni mwa mama na hiyo karibu kamwe haiokoki. Upasuaji wake hulenga kuitoa na kuishona ya pili, na unaweza kupangwa baada ya kuhakikisha kichanga yuko salama kwa usingizi, mikononi mwa anayejua usingizi wa vichanga. Lakini mfuko uliokuwa mzuri kwenye ukaguzi wa kuzaliwa kisha ukavimba na kuwa mwekundu siku ya tatu ni dharura kama ya mvulana mkubwa. Vivyo hivyo pande zote mbili zikiwa mbaya: usikate tamaa ya kuziokoa. Tofauti ya ufundi ni kwamba wengi hupitia kinena, kwa sababu msokoto uko juu, ngiri mara nyingi ipo, na mara chache uvimbe huo huwa ni saratani. Hii ndiyo rufaa inayostahili gari, ikiwezekana kufika hospitali ya Bugando, KCMC, Muhimbili au kokote karibu nawe kwenye daktari wa upasuaji wa watoto.

Korodani isiyoshuka

Mtoto mwenye maumivu ya kinena, uvimbe mdogo mgumu hapo, na mfuko mtupu upande huo: fikiria korodani iliyojisokota ikiwa njiani, si ngiri peke yake. Mkato ni wa kinena. Ikiwa hai, inashushwa na kushonwa kwenye mfuko wa dartosi kama kamba inafika bila kuvutwa; isipofika, ishone mahali inapofika na umpeleke kwa bingwa baadaye. Kagua mfuko wa kila mtoto mwenye maumivu ya tumbo la chini kabla hujaandika apendiksi kwenye fomu ya thieta.